Aliyeinunua Mashine Ana Haki ya Kuzijua Amri Zake Zote

Kijitabu cha maelezo kinachoandamana na mashine ni ahadi ya muuzaji. Si picha kamili ya kitu kilichouzwa. Nalisema jambo hili mapema kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuamini kinyume chake. Tunaponunua redio, jiko la umeme au tarakilishi, twafungua kijitabu, twasoma yaliyoandikwa, na yale yasiyoandikwa twayahesabu kuwa hayapo. Makala haya yanahusu hayo yasiyoandikwa. Yanahusu amri zilizokuwamo ndani ya maikroprosesa za kale, zikafanya kazi, zikategemewa na watu, ilhali kampuni zilizoziuza hazikuzitaja popote.

Namwomba msomaji asiye na mazoea na mambo haya anivumilie kidogo, maana pasipo kueleza kinachotendeka ndani ya kipande hicho hoja yangu itaelea hewani. Maikroprosesa ni ubongo wa tarakilishi uliochorwa juu ya kipande cha silikoni ambacho chaweza kukaa juu ya ukucha. Haijui Kiswahili wala Kiingereza. Inajua nambari tu. Katika zile za miaka ya 1970 zilizofanya kazi kwa biti nane, kila amri ilianza kwa nambari moja kati ya sifuri na 255, yaani kulikuwa na nafasi 256. Nambari moja ilimaanisha jumlisha, nyingine hifadhi, nyingine ruka hadi anwani fulani. Mhandisi alipokwisha kuziumba amri alizozikusudia, aghalabu alibakiwa na nambari ambazo hakuzipa maana yoyote. Je, mashine ikilishwa mojawapo ya nambari hizo itafanya nini?

Wengi watajibu kwamba itakataa. Jibu hilo ni la busara, na kwa maikroprosesa za leo lina ukweli mwingi. Kwa zile za kale halikuwa kweli, na sababu yake ni ya kiuchumi. Kukataa nako ni kazi. Kunahitaji transista za kuitambua nambari haramu na transista nyingine za kupiga mbiu. Transista zilichukua nafasi juu ya silikoni, na nafasi ilikuwa fedha.

Mfano ulio bora ni 6502. Kipande hiki kilitolewa mwaka 1975 na kampuni ya MOS Technology ya Marekani, chini ya uongozi wa mhandisi Chuck Peddle, kwa bei ya dola 25, wakati ambapo washindani wake walikuwa wakiuza vyao kwa zaidi ya dola 100. Bei hiyo ndiyo iliyokifungulia njia ya kuingia katika Apple II mwaka 1977, na ndugu yake, 6510, akaingia katika Commodore 64 mwaka 1982. Ili kuifikia bei hiyo wahandisi walizibania transista jinsi mama wa nyumbani anavyoubania unga mwisho wa mwezi; zote kwa jumla hazikufika 5,000. Kijitabu chake kiliorodhesha nambari 151 zenye maana. Zilizosalia, 105, ziliachwa kama viwanja visivyo na hati.

Walakini kiwanja kisicho na hati chaweza kuwa na mtu anayekikalia. Ndani ya 6502 mna wavu wa mantiki wenye mistari ipatayo 130. Kila mstari unaitazama nambari iliyoingia na kujiuliza swali moja tu: je, biti ninazozichunga zimekaa kama nilivyoagizwa? Ukiridhika, unaamka na kusukuma sehemu yake ya kazi. Hakuna mstari hata mmoja uliopewa jukumu la kuuliza iwapo nambari nzima ni halali. Chukua nambari 165. Hii ni amri halali inayosoma thamani kutoka kwenye kumbukumbu na kuitia katika rejista iitwayo A, rejista ikiwa ni kijisanduku kidogo cha kuhifadhia thamani. Nambari 166 yafanya vivyo hivyo kwa rejista X. Ukiziandika kwa biti, 165 yaishia kwa 01 nayo 166 yaishia kwa 10. Sasa ilishe mashine 167, ambayo kijitabu kimeinyamazia. Yenyewe yaishia kwa 11. Mistari ya A inaiona alama yake na kuamka; mistari ya X nayo inaiona alama yake na kuamka; thamani moja inaingia katika rejista zote mbili kwa wakati mmoja. Amri mbili halali zingetumia baiti nne na mipigo sita ya saa ya mashine. Hii haramu inatumia baiti mbili na mipigo mitatu. Watunzi wa programu waliipa jina la LAX, na waliokuwa wakihangaika kuufanya mchezo wa Commodore 64 uende kasi hawakuona haya kuitumia.

Mtu aliyesoma sarufi ya Kiswahili hatalistaajabia jambo hili. Kamusi itakupa pika, pikia na pikisha. Huenda usiikute pikishiana, lakini umtamkie Mswahili neno hilo naye atakuelewa, wala hatakuuliza umelitoa ukurasa gani. Halikubuniwa na mtunga kamusi. Limezaliwa na lugha yenyewe pale viambishi vilipokutana. Ndivyo ilivyozaliwa LAX.

Jirani yake ananivutia zaidi. Nambari 133 huhifadhi thamani ya A kwenye kumbukumbu, na 134 huhifadhi ya X. Nambari 135 huziamuru zote mbili zitoe thamani zao kwa pamoja juu ya nyaya zile zile. Wawili wakisema kwa wakati mmoja, nani atasikika? Katika umeme wa vipande vya aina hiyo, anayesema sifuri huuvuta waya hadi chini, naye humshinda anayesema moja. Kwa hiyo kinachohifadhiwa ni biti zile tu ambazo rejista zote mbili zimekubaliana kuwa ni moja. Hiyo ni hesabu kamili ya mantiki, tena yenye manufaa, na hakuna mhandisi aliyeichora. Imetokana na tabia ya umeme.

Si zote zilizo na baraka. Nambari 12 kati ya hizo 105 huigandisha mashine kabisa, isisikie la mwadhini wala la mteka maji, mpaka iwashwe upya. Nambari 139 ni kigeugeu: jibu lake hutofautiana kati ya kipande na kipande, na hata joto la chumba laweza kulibadilisha. Mtu anayeiegemeza programu yake kwenye amri ya namna hiyo namfananisha na mjenzi anayeweka msingi kwenye mchanga unaofunikwa na maji kila bamvua.

Kwa kampuni ya Motorola mambo hayakuwa tofauti. Maikroprosesa yake ya 6800, iliyotoka mwaka 1974, ilikuwa na nambari halali 197, hivyo zikabaki 59. Desemba 1977 Gerry Wheeler aliandika katika jarida la BYTE la Marekani yale aliyoyaona alipozijaribu. Mbili kati yake, 157 na 221, aliziita kwa mzaha amri ya kusimama na kuwaka moto. Moto haukuwapo. Kilichotokea ni kwamba mashine iliacha kutii amri zote, ikaanza kuisoma kumbukumbu anwani baada ya anwani, pasipo kikomo, kama mtu anayehesabu tasbihi usingizini. Fundi mwenye kipima mawimbi angeweza kuutumia wazimu huo kukagua nyaya za anwani.

Nayo Z80, iliyoundwa na Federico Faggin na Masatoshi Shima katika kampuni ya Zilog na kuuzwa kuanzia mwaka 1976, ilikuwa na kiambishi awali halisi. Nambari 221 ikitangulia amri inayotumia rejista pacha H na L, mashine huiweka IX mahali pa pacha hao. Kijitabu kilieleza hivyo kwa amri zinazowatumia pacha wote wawili kwa pamoja, kikanyamaza kuhusu zile zinazomgusa H peke yake au L peke yake. Watu walijaribu, wakakuta kiambishi kinafanya kazi kule nako. Nusu mbili za IX zilikuwa rejista za ziada zilizokaa bure. Kadhalika palikuwa na jedwali la amri nane za kusogeza biti, ambamo kijitabu kilieleza saba. Ya nane ilisogeza biti kushoto na kuchomeka moja upande wa kulia, na hadi leo sijasikia mtu akieleza ni shughuli gani hasa ingeihitaji.

Hadi hapa simlaumu mtu. Mhandisi wa 6502 hakuficha LAX. Hakuikusudia, na pengine kijitabu kilipochapishwa hakuwa na habari nayo. Ukimya wake ni ukimya wa mtu asiyejua au asiyejali. Upo ukimya wa aina nyingine, na huo ndio ulionitia kalamu mkononi.

Mwaka 1976 Intel ilitoa 8085, mrithi wa 8080. Katika 8080 nambari 12 zilikuwa hazijapewa maana. Wahandisi wa 8085 walizijaza zote 12 kwa amri mpya walizozichora kwa makusudi, wakazitengea transista zake. Kijitabu kilipotoka kilitaja mbili. Kumi zilizosalia zilikuwamo ndani ya kila kipande kilichouzwa, pamoja na bendera mbili mpya za kuonyesha matokeo ya hesabu, na mnunuzi hakuambiwa. Stanley Mazor, mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo katika Intel, alikuja kueleza baadaye kwamba sababu ilikuwa mashine iliyokuwa njiani, 8086. Amri zikishatangazwa zingeiwekea 8086 mzigo, kwa kuwa programu za 8085 zilikusudiwa ziweze kuhamishiwa huko. Afadhali, wakaona, mteja asijue.

Mimi niliisomea 8085 chuoni, kwenye ubao wa mazoezi wenye vitufe vya nambari na taa nyekundu, tukitumia kitabu kilichotoka India ambacho kurasa zake zilikuwa zimenakiliwa mpaka herufi zikawa kama vivuli. Jedwali la amri lilikuwa na mapengo kumi, nasi tulifundishwa kuyaruka. Tulifundishwa pia kwamba mashine yaweza kujumlisha thamani za biti 16 kwa amri moja, ila haina amri ya kuzitoa, kwa hiyo tukaandika hatua kadhaa za kutoa nusu ya chini kwanza na nusu ya juu baadaye. Tukaambiwa kwamba ukipunguza kihesabio cha biti 16 hakuna bendera itakayokuonyesha kuwa kimekwisha, kwa hiyo kila mzunguko wa programu tukauongezea amri mbili za kukichungulia. Amri ya kutoa ilikuwamo: ni nambari 8. Bendera ya kihesabio nayo ilikuwamo, pamoja na amri mbili za kuruka kwa kuitazama. Tulikuwa tukitembea kwa miguu kando ya gari tulilokwisha kulilipia.

Haidhuru, siri haikudumu. Januari 1979 Wolfgang Dehnhardt na Villy Sorensen, waliokuwa katika kituo cha utafiti cha GSI mjini Darmstadt, Ujerumani, walizichapisha amri zote kumi katika jarida la Electronics, kila moja na kazi yake. Miaka mingi baadaye kampuni ya Tundra ya Kanada, iliyouza 8085 ya kwake, ilizieleza katika maelezo yake rasmi. Almuradi wageni ndio waliomwambia mnunuzi yaliyokuwamo ndani ya mali yake. Msomaji akitaka kujua mashine hii ilifika wapi, 80C85, ndugu yake 8085, ndiyo iliyomwongoza Sojourner, kijigari cha Wamarekani kilichotembea juu ya sayari ya Mihiri mwaka 1997.

Kisa cha 80286 cha mwaka 1982 ni kibaya zaidi, maana humo ukimya uligeuka upendeleo. Kipande hicho kilikuwa na amri iitwayo LOADALL, ambayo kwa pigo moja ilisoma baiti 102 kutoka anwani maalumu na kuzijaza rejista zote za mashine, hata zile ambazo mtunzi wa kawaida hakuruhusiwa kuzigusa. Kwa njia hiyo programu iliweza kuifikia kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti moja bila kupitia mlango mrefu uliowekwa rasmi. Vijitabu vya kila mtu havikuitaja. Kampuni chache zilizoteuliwa zilipewa maelezo yake, na Microsoft iliitumia katika matoleo ya kale ya HIMEM.SYS, programu ambayo kila aliyewahi kuketi mbele ya mashine ya MS-DOS katika ofisi za Nairobi miaka ya 1990 aliliona jina lake. Mtunzi mdogo asiye na rafiki ndani ya Intel alishindana na mkubwa katika soko moja huku mmoja akiwa na ufunguo wa uani na mwingine akibisha mlango wa mbele. Mashine za 386 zilipokuja zikiwa na LOADALL ya nambari nyingine, baadhi ya watengenezaji wa programu za msingi za mashine hizo ilibidi waiigize ile ya zamani ili programu zilizokwisha kuizoea zisianguke. Amri ambayo rasmi haikuwapo ikawa lazima irithiwe.

Wapo watakaoitetea kampuni, na nitawapa haki yao. Watasema kwamba kila kilichoandikwa hufunga mikono. Kampuni ikitangaza amri leo, wateja wataijenga ndani ya programu zao, na kesho mhandisi hataweza kuiondoa hata kama ina kasoro. Ukimya humpa nafasi ya kubadilisha. Hoja hii ina uzito, nayo 6502 yenyewe ni shahidi: Western Design Center ya Bill Mensch ilipoiunda upya kama 65C02, nambari zote zilizokuwa za bahati nasibu zilipewa kazi mpya au zilifanywa zisitende lolote. Aliyekuwa ameitumia LAX programu yake ilivunjika, na sioni alikuwa na nani wa kumshtaki.

Hata hivyo utetezi huo unathibitisha jambo moja tu, kwamba muuzaji ana haki ya kutoahidi. Kutoahidi si sawa na kuficha. Ingetosha kuandika mstari mmoja chini ya jedwali: nambari hizi kumi hufanya kadha wa kadha, nasi hatutaapa kwamba zitakuwamo katika kipande kijacho. Mnunuzi mtu mzima angepima mwenyewe. Badala yake aliachiwa mapengo, na mapengo hayasemi iwapo ndani yake mna kitu kitupu, kitu chenye manufaa au kitu kitakachoigandisha mashine iliyofungwa katika kifaa cha kupimia mapigo ya moyo.

Kuna hasara nyingine ambayo inazidi kukua kadiri vipande hivi vinavyokufa. Aprili 2024 Zilog ilitangaza kwamba itaacha kupokea maombi ya vipande vya Z80 vya mfululizo wa Z84C00 kuanzia Juni mwaka huo, baada ya miaka ipatayo 48. Siku za mbele mwanahistoria anayetaka kuiendesha programu ya mwaka 1983 hataipata mashine. Ataipata programu ya kisasa inayoigiza mashine. Mwigizaji aliyejengwa kwa kufuata kijitabu rasmi ataiendesha programu mpaka ifike kwenye 167, kisha aikatae au aiendeshe kombo, na kazi ya mtunzi aliyeketi usiku kucha miaka arubaini iliyopita itaonekana kama upuuzi. Anayeiokoa ni yule aliyekaa akajaribu nambari zote 256, moja baada ya nyingine, akaandika kilichotokea. Greg James, Barry Silverman na Brian Silverman walikwenda mbali zaidi: waliipiga picha silikoni ya 6502, wakafuatisha nyaya na transista zake, na mwaka 2010 wakaonyesha mfano wake ukifanya kazi katika tarakilishi, transista kwa transista. Amri haramu zilijitokeza zenyewe bila kuandikwa na mtu. Mwaka 2013 Ken Shirriff alizichambua picha za 8085 kwa njia kama hiyo na kueleza mantiki ya zile bendera mbili zilizonyamaziwa.

Hawa ni watu waliofanya kwa jasho lao kazi ambayo mwenye michoro angeimaliza kwa kufungua kabati. Na kwa vipande vya leo kazi hiyo imekaribia kuwashinda binadamu. Amri ya maikroprosesa za jamii ya 8086 yaweza kufika baiti 15, hivyo nambari za kujaribu hazihesabiki. Mwaka 2017 mtafiti Christopher Domas ilimbidi abuni hila ya kuipekua bahari hiyo: aliiweka kila amri ukingoni mwa eneo la kumbukumbu lisiloruhusiwa, akaangalia ni wapi mashine inapolalamika, na kwa njia hiyo akajua urefu wa amri hata pale ambapo hakuna kitabu kilichoitaja. Alizikuta amri zisizoandikwa katika vipande vya zaidi ya kampuni moja. Hizi hazimo katika mashine za makumbusho. Zimo katika jamii ya vipande vinavyoendesha benki na hospitali.

Nazitaka kampuni mambo mawili. Kwa kipande kinachouzwa, nambari yoyote ambayo kampuni inajua inafanya kazi itajwe, hata kama haiahidiwi, na akipewa mmoja maelezo yake wapewe wote. Kwa kipande kilichostaafu, michoro itolewe. Wala hili la pili si ndoto yangu. Novemba 2006, kuadhimisha miaka 35 ya 4004, maikroprosesa yake ya kwanza, Intel yenyewe ilitoa michoro yake ya umeme na ya silikoni, na sijasikia kwamba ilipata hasara ya hata senti moja. 8085 ni mdogo wake kwa miaka mitano tu.